Baraza Jekundu Ulilokataza Lisiguswe

Mama yangu uliye Mwanza,

Mfuniko wa sufuria ulizunguka kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo. Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba nakoroga maharage, mvua imetoka kukatika, nikasikia mfuniko ukizunguka juu ya saruji ya baraza, kwanza polepole, kisha haraka haraka, kisha kimya. Wewe hukupiga kelele. Ndiyo maana sikukimbia. Nilidhani umeangusha mfuniko tu. Nilipotokea mlangoni ndipo nikakuona umelala ubavu kwenye sakafu yako nyekundu, mguu umegeukia upande usio wake, na neno la kwanza uliloniambia lilikuwa, "Ndizi zimemwagika. Futa, zisiache doa."

Najua atakayekusomea barua hii ni kaka Revo. Asome kwa sauti na asiruke kitu. Nimeiandika wazi ili na wengine waisome, maana nyumba nyingi za huku Muleba zina baraza kama lako, na ndani yake kuna mama kama wewe.

Nilikuwa darasa la tatu baraza hilo lilipojengwa. Kabla yake tulikuwa na sakafu ya udongo. Kila Krismasi tulikata nyasi bondeni tukazitandaza ndani na nje, nyumba ikanukia mpaka barabarani. Baba alikuwa ameshalala upande wa chini wa kibanja kinachozunguka nyumba, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na watu walishaanza kusema kwamba nyumba ya mjane huonekana kwa vumbi lake. Msimu ule kahawa ilizaa vizuri. Ukasema imetosha, ukamwita fundi Twaha kutoka Kanazi.

Namwona bado akiwa amepiga magoti, anasugua saruji tupu juu ya zege lililoanza kushika, akitafuta ule mng'ao ambao mafundi huuita niru. Kila alipotaka kuinuka ulimrudisha chini.

"Bado, fundi. Nataka nione meno yangu."

"Mama, hii ni sakafu, siyo kioo cha saluni."

"Wewe sugua. Wanakwaya wakija, waone meno yangu na yao."

Alipomaliza, ulitufukuza sote kwa ufito. Ukachukua nyasi zile zile ambazo tungezitandaza sebuleni, ukafunika sakafu yote, na wiki nzima ukainywesha maji asubuhi na jioni kama kitalu cha miche. Majirani walicheka sana. Walisema Mama Revo amezoea nyasi mpaka anazitandika juu ya saruji. Ukawajibu bila kuinua kichwa, "Saruji haianikwi kama nguo. Inakomaa. Ukiiacha na kiu, inapasuka." Haikupasuka. Miaka yote hiyo baraza lako halikuwahi kuwa na ufa hata mmoja.

Halafu ikaja nta nyekundu ya kila Jumamosi. Mimi na Revo tulisugua kwa sweta kuukuu, na ukigeuza mgongo tu, mmoja anakaa juu ya gamba la mgomba na mwenzake anamvuta kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Ulitugombeza huku unacheka. Katekista naye alianguka siku ya jumuiya, rozari mkononi, akabaki amekaa pale pale akasema kwa heshima zote, "Waitu Mama Revo, kwako mtu anapiga magoti hata kama hakupanga." Kicheko kile kilidumu kijijini. Sasa nikikumbuka, naona kwamba karibu kila aliyewahi kutujia aliteleza pale. Tuliona ni sehemu ya kufika nyumbani kwetu. Upepo wa ziwani uliingiza mvua barazani, wewe ukafuta, ukapaka nta, ukang'arisha tena, nasi tukakusifu. Hakuna aliyewahi kujiuliza itakuwaje siku atakapoteleza mtu ambaye mifupa yake haisamehi.

Revo hakukosea kukuchukua. Ulipotoka hospitali na nyonga iliyovunjika, mimi nilikuwa nafundisha Bukoba mjini, nyumbani nafika mwisho wa wiki. Yeye ana gari, ana mke mwenye moyo. Lakini nasikia sauti yako kwenye simu ikipungua, Mama. Unaniuliza kama kahawa imeanza kuiva, kama kibanja kimetandazwa nyasi mpya, kama kaburi la Baba limefagiliwa. Nikishajibu, nabaki nasikia televisheni ya watu wengine. Mara ya mwisho uliniambia, "Huku sina pa kukanyaga." Nilijua husemi habari za ukubwa wa nyumba.

Nilipomwambia Revo kwamba unataka kurudi, alinijibu kwa hasira ya mtu anayeogopa. "Nyumba ile imemvunja. Unataka immalize?" Siku ya pili alipiga tena simu na suluhisho lake: ataleta vigae, vile vinavyong'aa, baraza lipendeze zaidi.

"Kaka, kigae hicho kikilowa ni mlenda."

"Basi Mama abaki huku."

Nikakupigia wewe. Nikakueleza kwamba ili urudi, sakafu lazima ibadilike. Hukunipa hata nafasi ya kumaliza. "Usiguse baraza langu. Ni mimi niliyeteleza, lenyewe halikufanya kitu."

Revo hakuruhusu urudi kwenye sakafu ile, na wewe hukuruhusu sakafu ile iguswe. Nilikaa na maneno yenu hayo mwezi mzima. Mimi ni mtu wa kukaa na maneno, unanijua. Revo husema nafikiri mpaka chai inapoa. Lakini safari hii nilitaka kujua kwa mwili wangu. Nilikuja nyumbani siku ya mvua. Nikajifunga kanga kwenye goti lisikunjike, nikashika fimbo, nikajaribu kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi kama utakavyotoka wewe. Sikufika. Fimbo ilikimbia kabla yangu, nikaning'inia kwenye nguzo kama nguo. Nikiwa pale, nimekumbatia nguzo, nilijua kwamba nitakuvunjia amri.

Fundi Twaha amezeeka lakini mdomo bado mchanga. "Mwalimu," aliniambia, "unataka nivunje kazi iliyonipatia wateja Kanazi nzima?"

"Nataka unielekeze. Nitavunja mwenyewe."

"Na Mama akinikuta?"

"Utamwambia ulinikataza."

"Hapo sawa," akasema, akaenda kuchukua tindo na nyundo.

Ilibidi iwe tindo. Saruji mpya haishiki juu ya nta, inabanduka mvua za kwanza tu kama ganda la yai. Kwa hiyo tulikwangua nta yako yote, kisha nikaanza kugonga, nikiitoboa sakafu vidonda vidogo vidogo kutoka mlangoni kwenda nje. Pigo la kwanza niliona kama napiga mgongo wa mtu. Lile la pili lilikuwa kazi tu. Jioni viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na uwanja mzima ulikuwa na vumbi jekundu kama unga wa mtama.

Tukafagia, tukalowesha, tukamwaga tabaka jipya. Twaha akakamata mwiko, na kabla sijasema neno mkono wake ulishaanza kuzungusha, kulainisha, kutafuta mng'ao. Nikamshika.

"Niwie radhi," alisema. "Mkono huu umefundishwa na mama yako."

Tulingoja saruji ianze kushika, nikachukua ufagio wa nje nikauburuta juu yake polepole, kutoka upande hadi upande, kukata njia utakayopita. Ikabaki na mistari, kijivu, ya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Siyo nzuri, Mama. Hutaona meno yako. Lakini nimeipita ikiwa imelowa, goti limefungwa, fimbo mkononi, na nikarudi, na nikapita tena.

Kile kipande kilicho chini ya benchi la Baba nimekiacha chekundu, maana pale hakuna anayekanyaga. Ngazi tumezifukia kwa mteremko wa zege wenye bomba la kushika upande wa kulia, mkono wako wenye nguvu. Kutoka hapo kwenda chooni, na kushuka hadi kwa Baba, nimepanga vibao vya zege nilivyomimina mwenyewe kwenye fremu ya mbao. Nimeacha udongo kati ya kibao na kibao ili migomba inywe. Watu walinishauri nisakafie uwanja wote, ndiyo maendeleo. Nilikataa. Kibanja siyo sebule.

Na baraza nililifunika kama ulivyolifunika wewe. Nyasi za bondeni, majani makavu ya mgomba juu yake, maji asubuhi na jioni. Hakuna jirani aliyecheka. Wawili wameshamwomba Twaha aje kuangalia mabaraza yao. Nta sitapaka tena; baada ya mvua ndefu nitalisugua kwa brashi, ule utando wa kijani usiote.

Nilipiga picha za kila kitu nikamtumia Revo. Kesho yake akapiga simu. Hakugusia sakafu kabisa. Aliuliza, "Na siku za kazi, atakuwa na nani?" Lilikuwa swali zuri, na nilikuwa nimelitarajia, kwa sababu nilishajiuliza mwenyewe nikiwa nimepiga magoti na tindo. Zege linaweza kumzuia mtu asianguke. Haliwezi kumsikia.

Siombi msamaha kwa baraza, Mama. Ungekuwa unaomboleza sakafu ningekaa nawe tukaomboleza. Lakini wewe unataka nyumbani, na kati ya sakafu na wewe nilichagua wewe bila kukuuliza.

Chumba nilichopanga Bukoba nimekirudisha kwa mwenyewe. Uhamisho niliouomba umekubaliwa, na tangu wiki iliyopita nafundisha shule ya hapa juu, karibu na kanisa. Kengele ya mapumziko ikilia nafika nyumbani kabla chai haijapoa. Kitanda changu kiko chumba kinachopakana na chako. Revo ameshasema Jumamosi anakuleta. Najua utakaposhuka kwenye gari na kuona kijivu kile utapandwa na hasira, na nakusubiri kwa hamu. Njoo unigombeze ukiwa umesimama.

Mwanao wa mwisho,
niliye nyumbani