Mkato Mweupe kwenye Puli

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuulizia hali, na hasa hali ya jicho la kushoto, ambalo nimearifiwa kwamba daktari amelifunga kwa wiki mbili na kukuamuru usiinamie kitu chochote. Kwa kuwa namfahamu mgonjwa, namhurumia daktari. Mama naye shikamoo. Natumaini goti limetulia na ngazi anazipanda bila kusimama katikati. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa ukucha wa dole gumba uliobanwa na mnyororo wa winchi, ambao umekuwa mweusi na sasa unajiandaa kuhama.

Kwa kuwa hujaruhusiwa kusoma, najua barua hii inasomwa na Dada, mezani, nyote mkisikiliza. Silalamiki; nimeiandika nikilijua hilo. Dada, nakuomba uisome kama ilivyo. Usiruke mstari kwa kumwonea Baba huruma, na utakapofika mahali panapokuhusu wewe, usisite.

Baba, agizo lako limenifikia. Umetaka ile injini ya pikapu niliyoitoa chini ya turubai, nyuma ya karakana, irudi ilipokuwa pamoja na pikapu yenyewe. Umetaka niache kufanya kazi na Mjomba. Nisipotii kabla ya Jumamosi, siku utakayokabidhi funguo za karakana kwa atakayekurithi, nisihesabiwe tena miongoni mwa mafundi wako. Nimekusikia vizuri. Jibu langu ni hapana, na naomba univumilie nikueleze hapana hiyo imesimama juu ya nini.

Shemeji, mume wa Dada, hakuwa bado ameingia katika familia hii, kwa hiyo nitaanzia mwanzo. Miaka tisa iliyopita, fundi mkuu wa karakana alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama. Pikapu ilikuwa ya Baba mwenyewe. Siku hiyo Mjomba alikuwa akiipanga taimingi, yaani kuamua ni wakati gani cheche iruke ndani ya silinda. Haifai iruke pistoni ikiwa tayari imefika juu. Huruka kabla kidogo, na kwa injini ile kabla yenyewe ni digrii kumi. Mjomba aliipanga kwa sikio. Baba akaja na taa ya taimingi, akamulika puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, akaona kwamba mkato wa alama haukai kwenye kumi, akamwamuru airudishe. Mjomba alijibu kwa adabu kwamba akiirudisha pale injini itakuwa inapiga mapema mno, kwamba anaisikia inakataa. Ndipo, Baba, uliposema mbele ya mafundi wote neno ambalo mpaka leo wanalirudia: "Alama imechongwa kiwandani, shemeji. Masikio yako yamechongwa wapi?"

Watu walicheka. Nilicheka na mimi. Mjomba akairudisha kwenye alama, akakaza nati, akanawa mikono.

Kesho yake, kwenye kile kilima kirefu, pikapu ikiwa na mzigo wa saruji, pistoni ya tatu ilitoboka. Ulisema Mjomba ameigeuza distributa, ile inayogawa cheche na kupanga wakati wake, kwa siri, kwa ukaidi, ili akuonyeshe kwamba anajua kuliko wewe. Aliapa kwamba hakuigusa tena. Ukamvua ovaroli uwanjani, mchana kweupe. Tangu hapo Mama huenda kwa ndugu yake peke yake. Hata mwaka ule Mama alipovunjika goti, Mjomba alifika mpaka dukani ng'ambo ya barabara, akawa anawauliza wapita njia kama dada yake ameweza kusimama.

Injini ile nimeifufua katika uwanja wake, anakotengenezea pampu za maji. Imetuchukua miezi minane. Silinda zimechongwa upya, pistoni ni mpya, valvu zimesagwa mpaka hazipitishi hata pumzi. Mahali pa distributa ya zamani, ile ya platini, vidole vya chuma vinavyokata umeme kwa kugusana na kuachana, nimeweka ya elektroniki. Najua umewahi kusema kwamba kitu kisicho na platini hakina adabu. Adabu kinayo, Baba. Kisichokuwa nacho ni tabia ya kuomba kupigwa msasa kila mwezi.

Siku ya kuipanga taimingi Mjomba aliniambia nianze kwa kuifuta puli. Niliifuta, nikakuta ina mikato miwili, si mmoja. Wa kwanza ulikuwa bado na mabaki ya rangi nyeupe. Wa pili ulikuwa umezibwa na grisi iliyokauka ikawa kama jiwe. Ilibidi niichokonoe kwa bisibisi. Nilimwonyesha. Alinipa plagi kuukuu aliyoichomelea boliti, niifunge kwenye silinda ya kwanza ili iizuie pistoni isifike juu. Nikaizungusha injini kwa mkono upande mmoja mpaka ikagota, nikachora mstari kwa chaki kwenye puli. Nikaizungusha upande wa pili mpaka ikagota tena, nikachora mwingine. Juu kabisa pa pistoni ni katikati ya mistari hiyo miwili, na hapo hahitajiki shahidi wala mwenye sauti kubwa. Katikati palikuwa na mkato wa grisi. Mkato mweupe ulikuwa umeutangulia kwa digrii ishirini.

Kila aliyeko mezani anaweza kujumlisha. Aliyeipanga kumi kwa mkato mweupe aliipanga thelathini kwa kweli. Muulizeni fundi yeyote, hata asiyekupenda, Baba, thelathini inaifanyia nini injini yenye mzigo kilimani.

Tuliendelea kwa mkato wa kweli. Niliitoa ile plagi, nikaweka kidole kwenye tundu mpaka nikahisi upepo unakisukuma, nikajua pistoni inapanda kwa kubana na si kwa kutoa moshi. Kisha nikaisimamisha injini kwenye kumi. Distributa niliiingiza rota, mkono wake unaozunguka, ikiwa nyuma kidogo, kwa sababu gia yake hujipinda ikishuka, nayo ikashuka ikatulia, rota ikitazama waya wa kwanza. Nikageuza kasha lake taratibu mpaka jino la gurudumu la ndani likakabiliana na sensa, kile kihisi cha umeme kinachoamuru cheche. Nikakaza nusu. Nilipozungusha ufunguo, iliitikia kabla sijamaliza kushusha pumzi. Nilichomoa mpira wa upepo wa distributa, nikauziba, nikamulika kwa taa: ilihitaji kusogezwa upana wa ukucha tu, na ikakaa kumi kama iliyozaliwa hapo. Mjomba alikaa juu ya sanduku la pampu akifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

Sasa nafika kwenye rangi.

Wiki ile, miaka tisa iliyopita, nilikuwa likizo kutoka chuoni, na ulikuwa umenikataza kugusa injini mpaka nimalize mitihani. Asubuhi ya siku ile ya taimingi nilikuona ukiinama na taa mara tatu, ukishindwa kuuona mkato, kisha ukiilaumu balbu. Balbu ilikuwa nzima, Baba. Nilijua ni macho, na nilijua huwezi kuambiwa jambo hilo mbele ya mafundi. Mlipokwenda kula, nilichukua rangi nyeupe ya kucha ya Dada, nikaufuta mkato wa kwanza nilioukuta, nikaupaka. Dada, hiyo ndiyo chupa uliyomsingizia binti wa jirani mwezi mzima. Baba, uliporudi na kumulika, ulisema kwa furaha kwamba macho yako yamerudi ujanani, na mimi niliyesimama mlangoni niliona fahari kama niliyekupa zawadi. Dakika chache baadaye ulimwamuru Mjomba airudishe kwenye alama.

Pistoni ilipotoboka uliuliza ni nani mwingine aliyeigusa injini. Nilinyamaza. Niliamini kwamba rangi haiwezi kumdhuru mtu, na nilikuogopa. Yote mawili yamekwisha.

Siku ya mistari ya chaki nilimwambia Mjomba nilichofanya. Alijibu kwamba anajua. Jioni ya siku pistoni ilipotoboka, tulipokuwa tunaivuta pikapu kurudi nyumbani aliiona rangi kwenye kidole changu, akaelewa kila kitu. Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kuvuliwa ovaroli. Akasema, "Baba yako angenirudisha mimi na kukufukuza wewe. Mimi nilikuwa tayari fundi."

Kwa hiyo nasema mbele yenu nyote, na Dada asishushe sauti. Kosa la rangi ni langu; silipunguzi wala silipambi. Kosa la kuamuru, na la kumcheka aliyeambiwa ukweli na injini, ni lako. Mjomba hana hata nusu digrii. Msamaha wangu nakuomba, Baba, na ukininyima nitaelewa. Wa kwake siuombi, kwa sababu hakuna alichokukosea.

Jumamosi saa nne asubuhi nitafika na pikapu, na usukani atakuwa ameushika yeye. Alikataa mara mbili. Alikubali nilipomwambia kwamba Mama atakuwa amesimama uwanjani. Tutasimama nje ya geti, injini ikinguruma. Likifunguliwa kwa ajili ya mmoja, tutageuka sote wawili, na funguo mkabidhi umpendaye. Mimi nafasi yangu ninayo katikati ya pampu, wala sitaona haya kuitwa fundi wa hapo. Likifunguliwa kwa wawili, njoo na taa yako. Jicho la kulia linatosha. Usiniamini mimi, na usimwamini yeye, tazama puli. Mkato wa kweli nimeuongezea kina kwa tupa. Ule mweupe nimeuacha kama ulivyo.

Kuinama umekatazwa. Mjomba amelifikiria hilo: amefunga kioo kwenye fimbo ndefu, nawe utaona ukiwa umesimama wima.

Nisalimie Shemeji na mafundi wote, pamoja na waliocheka. Binti wa jirani mpeni salamu za pekee, na Dada ampelekee chupa mpya ya rangi, ya rangi yoyote isipokuwa nyeupe. Mama, siku hiyo vaa viatu vya kusimamia.

Ni mimi, mtiifu wako katika mengine yote,

Binti yako mdogo