Kisanduku cha Betri

Jumatatu, 1 Julai 1996

Betri ya tatu kuletwa dukani kwangu wiki hii, na leo bado ni Jumatatu. Mwenyewe anasema ilizima tu. Haikuzima, aliinyonya. TV, kisha taa, kisha redio, kisha TV tena, kwa kuwa betri ya gari ikipumzika kidogo inarudi na kukudanganya. Nilifungua vifuniko. Vyuma vya ndani vimeota unga mweupe. Nikamwambia imekwisha. Akaninunia kama mimi ndiye niliyeiua.

Yetu ya nyumbani ilikufa hivyo hivyo mwezi wa tano. Amboka, kaka yangu, na mpira wake. Hii mpya haifi. Nimeshaapa.

Jumatano, 3 Julai

Kidude cha kuilinda betri yetu kimekamilika. Diodi, transista na relei, ile swichi ya sumaku, niliyoitoa kwenye gari bovu. Nguvu ya betri ikishuka hadi volti kumi na mbili, relei inalia tak, umeme unakatika. Haurudi mpaka mtu abonyeze kitufe. Ningeweza kuiweka ikate kwenye kumi na moja. Nimeiweka juu makusudi. Nina uchungu bado.

Baba alielewa upesi kuliko wateja wangu wote wa mjini. Amefuga mafahali wa kupigana maisha yake yote. Alisema fahali unamtoa uwanjani akiwa bado na nguvu, ukimwacha hadi mwisho hapigani tena. Nikasema ndiyo, Baba, ni hivyo hivyo. Nilifurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 4 Julai

Amboka ameunganisha waya moja kwa moja kwenye betri. Siku moja tu! Nimetengeneza kisanduku cha mbao. Betri ndani, kidude ndani, kitufe ndani. Nje kuna tundu la kuchomekea tu. Kufuli. Ufunguo nimeuning'iniza shingoni mwangu.

Ijumaa, 5 Julai

Bwana Saidi wa Matungu alikuja kuchukua redio yake. Alikuwa aje jana. Aliomba radhi: ami yake alifariki jana alfajiri, alasiri wakamzika. Siku hiyo hiyo. Sisi kwetu saa hizo tungekuwa bado tunatafuta turubai.

Kisha akanipa ujumbe. Senge, shangazi yangu, ni mgonjwa. Dada yake Baba, Rosa, ambaye huko anaitwa Zainabu tangu aolewe na Mwislamu. Miaka kumi na tisa Baba hajatamka jina lake, wala la zamani wala jipya. Bwana Saidi ni jirani yake. Alisema Senge hali chakula tena, anauliza kitu kimoja tu: kaka yake atakuja?

Ninaandika hapa dukani. Sijui nitamwambiaje Baba.

Jumamosi, 6 Julai

Nilimwambia akiwa anamfunga fahali. Aliendelea kufunga. Nilidhani hakunisikia. Baadaye, tukinywa chai, alisema:

"Hulianga vibaya huyo, tangu utoto. Nikifika atalia."

Kwa hiyo atakwenda. Lakini baada ya Jumamosi ijayo, fahali wake akishapigana. Nilitaka kusema twende kesho. Lakini Jumatatu nina amplifaya ya kanisa ya kumaliza.

Jumatatu, 8 Julai

Baba amepiga pasi koti lake analovaa kwenye harusi zote. Amelitundika ukutani. Amechagua na ingokho, yule kuku mwekundu, wa kumpelekea dada yake. Amemfunga mguu siku sita kabla ya safari. Nilicheka. Naye alicheka.

Amboka alitazama mpira jana, betri iko chini. Leo kuna mvua. Nitaibeba nikaichaji Jumatano.

Jumanne, 9 Julai

Niandike tu.

Saa saba mchana Baba alikuwa kwenye redio, kama kila siku. Taarifa ya habari, kisha matangazo ya vifo. Hakosi. Mtangazaji alisema kwa masikitiko kifo cha Zainabu Khasandi wa Matungu kinatangazwa. Akasema habari zimfikie kaka yake, Ingosi wa Malinya. Tak.

Baba alisikia jina lake, basi. Kisanduku changu kikazima redio.

Alitafuta kitufe. Kitufe kimo ndani. Ufunguo ulikuwa mjini, shingoni mwangu. Alizunguka kwa majirani: mmoja redio yake haina mawe, zile betri kavu, mwingine yuko shambani. Akarudi akakaa kando ya kisanduku. Nilimkuta hapo saa kumi na mbili jioni. Hakuwa amelia. Alikuwa ametulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Tutaendanga Ijumaa," alisema. "Mazishi ni Jumamosi. Hakuna haraka."

Kwetu mazishi ni Jumamosi. Siku zote. Nilikumbuka ami yake Bwana Saidi, aliyezikwa siku ile ile aliyofariki.

Redio ile inakula umeme kidogo sana. Betri ingeiendesha siku mbili zaidi bila kudhurika. Hilo nalijua mimi peke yangu.

Jumatano, 10 Julai

Bwana Saidi alikuja dukani. Hakukaa. Alinipa pole, kisha akauliza, kwa upole, kulikoni. Senge alifariki Jumanne kabla ya jua kuchomoza. Tangazo lilisema mazishi ni saa kumi siku hiyo hiyo. Walitungoja hadi saa kumi na moja, imamu akiwa amesimama. Wakasema labda njia ni mbaya.

Kutoka saa saba hadi saa kumi na moja. Tungefika. Hata kwa kubadilisha magari mara mbili tungefika.

Sijamwambia Baba. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 11 Julai

Amemtoa fahali kwenye mashindano ya Jumamosi. Mwenye msiba hapiganishi. Leo amenyoa ndevu. Bado sijamwambia.

Ijumaa, 12 Julai

Nilipanga kumwambia njiani. Mumias tulishuka, nikafungua kinywa, akaniuliza kama kuku amepata hewa. Nikainama kumtazama kuku.

Bomani kwa Senge hapakuwa na turubai wala umati. Baba alisema tumewahi. Kisha akaona udongo mwekundu nyuma ya nyumba, umeshaanza kukauka. Alisimama na kuku wake.

"Mumemzika bila mimi?"

Watu wa nyumba walikuwa wametoka. Nikasema pale pale, mbele ya wote: Baba, nilijua tangu Jumanne kwamba wao huzika siku hiyo hiyo. Na kisanduku nilikiweka kikate mapema kuliko inavyotakiwa. Hakunitazama. Alimkabidhi binti yake Senge, Mwanaisha, yule kuku.

Mwanaisha alituingiza ndani. Juu ya meza palikuwa na kiredio kidogo kimefungwa kwa mpira. Mawe yake yalikuwa yameanikwa dirishani, juani, yapate nguvu kidogo. Alisema mama yake aliyaanika kila asubuhi, na yakiisha kabisa aliyauma kwa meno, ili saa saba redio iseme. Miaka yote. Mwanaisha aliwahi kumuuliza anasikiliza nini. Alisema anasikiliza kama jina la kaka yake litatajwa, ili awahi.

Hapo ndipo Baba alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Sitaki kuisikia tena.

Jumapili, 14 Julai

Hatukwenda kanisani. Nimefungua kufuli, nimetoa kidude, nimeacha waya mbili tu. Baba alinitazama nikifanya. Alisema nikirudishe, betri itakufa. Nikasema ife. Akaniambia mimi binti yake:

"Si kidude hicho kilinizuia miaka kumi na tisa, mama."

Basi nimekirudisha. Kwenye kumi na moja, na kitufe kiko nje. Ufunguo wa kufuli sijui nimeutia wapi.

Mwanaisha alimpa kile kiredio. Leo Baba ameanika mawe juu ya bati, mistari miwili, ameyageuza kama mahindi. Saa saba aliwasha. Matangazo yalisomwa yote hadi mwisho, watu wa mbali, majina tusiyoyajua. Alisikiliza kila moja amevua kofia.

Nilipima betri niliyoichaji Jumatano. Kumi na mbili na nusu. Ni nzima kabisa.