Nimemuua Salumu, na Sasa Anacheza Dansi

Temeke, Jumamosi. Mvua imeanza tangu alfajiri, kichwa kinaniuma, na kimeyataka chenyewe.

Kazi yangu mtaa mzima unaijua. Bwana Kassamali akileta filamu zake za Kimarekani, zile za kuimba na kucheza, mie nasimama kando ya pazia nasimulia kwa Kiswahili. Kiingereza changu hakinifikishi hata sokoni. Kwa hiyo hadithi natunga mwenyewe, na wao wakiimba, naimba zangu.

Hollywood hawajui kama wana mtunzi Temeke.

Wiki iliyopita mkanda ulikatika kabla ya mwisho. Miluzi ikaanza. Nikaona isiwe tabu, yule kijana mchezaji, niliyempa jina Salumu, nikamuua kwa homa na kumwimbia wimbo wa kumlilia. Wanawake walilia, wee! Bi Mwanaisha, mama mwenye nyumba wangu, akamsomeshea khitma na ubwabwa akapika.

Jana ikaja filamu nyingine. Nani huyo juu ya meza, anacheza na kofia yake? Marehemu!

Zogo likazuka. Bwana Kassamali akaninong'oneza kwamba watu wakiondoka, mie nami nisirudi tena. Nikapaza sauti: "Huyu ni pacha wake!"

Bi Mwanaisha akasimama. "Pacha gani huyo? Nduguye hata arobaini haijatimia, yeye anarusha miguu! Hana haya?"

Wakamzomea wote. Maskini Mmarekani wa watu, akitabasamu anatukanwa, na wengine wanakunja mikeka waondoke. Nikasema kilichonijia mdomoni: hajui bado, barua ya msiba iko melini.

Mikeka ikakunjuliwa tena.

Tangu hapo kila akicheka wanalia. Bwana Kassamali kafurahi, anataka turudie Jumatatu.

Nikalala najisifu. Asubuhi hii Bi Mwanaisha kanigongea, mkononi bahasha. Shikamoo yangu kaiitikia kwa shida. Anataka nimwandikie yule pacha, aambiwe.

"Mwanangu alipokufa vitani Burma," akasema, "mie nilikuwa harusini napiga vigelegele. Mwezi mzima sijui. Huyu naye asiachwe hivyo, baba."

Wallahi nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikashindwa. Naona aibu mpaka sasa.

Nimeandika kurasa mbili, na nimelia kwelikweli, mie niliyemuua.

Yuko barazani na mwavuli, ananingoja twende posta. Juu ya bahasha niandike nini?