Siku Masika Aliponifasiria Filamu ya Wanyonya Damu

Jumapili jioni, Butembo. Mvua imenyesha tangu tulipotoka ibadani, na ubaridi umeingia mpaka ndani ya kurasa za daftari. Nimevaa sweta mbili. Moyoni, hata hivyo, mna joto ambalo sikulitarajia.

Leo nimetazama filamu ya wanyonya damu. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mjane wa miaka sitini na minane, niliyewanyang'anya wanafunzi wangu wa Morogoro vijitabu vya mapenzi na kuvifungia kabatini.

Sina budi kueleza sababu.

Niliolewa huku Kongo, na tangu mume wangu afariki nimebaki katika nyumba yake pamoja na wifi yangu Kahambu, ambaye ni shemasi wa kanisa. Ni miaka kumi na miwili ya ugenini, na Kifaransa bado kimekataa kuniingia. Wiki tano zilizopita tulimpokea Masika, mjukuu wa Kahambu, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Kijiji chao karibu na Mbau kilishambuliwa, wakatembea porini siku mbili mpaka Beni. Wazazi wake walibaki huko Beni. Yeye aliletwa kwetu ili asome.

Jioni ya kwanza alianza kunisimulia habari za pori lile. Kabla hajamaliza sentensi ya pili, nikamkatiza ili nimsahihishe Kiswahili chake. Mazoea ya miaka thelathini na mitano.

Akainuka akakusanya vyombo.

Tangu siku hiyo alijibu ndiyo, alijibu hapana, akaosha vyombo. Kahambu hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi.

Kesho asubuhi ndiyo siku ya shule. Vyeti vyake viliteketea pamoja na nyumba, na mkuu wa shule ameridhia kumpokea kwa sharti moja: Masika aingie ofisini ajieleze kwa mdomo wake mwenyewe, alifika darasa gani na alisoma nini. Akishindwa kusema, nafasi itakwenda kwa mwingine. Waliokimbia ni wengi, na madawati ni machache.

Jirani yetu Kambale, fundi wa redio, huwasha jenereta Jumapili alasiri, na kila ajaye kutazama huja na kiti chake. Leo alikuwa na diski iliyofika kwa lori kutoka Kasindi mpakani, filamu ambayo vijana wa mji mzima wanaizungumzia. Msichana wa shule anampenda mvulana mzuri, mweupe kama chokaa, kumbe ni mnyonya damu. Kahambu alitangulia kwa sala ndefu ya kumkemea Shetani aliyemo ndani ya diski, kisha akawa wa kwanza kusogeza kiti mbele.

Yote yalikuwa kwa Kifaransa. Nusu saa sikuambulia neno. Kanisani kwetu mhubiri husimama na mkalimani kando yake, kwa hiyo nikafanya nilivyozoea: nikamgeukia aliye kando yangu nikauliza, "Anasemaje huyo?"

Aliye kando yangu alikuwa Masika.

Alinitazama kwanza. Kisha, kwa sauti ndogo: "Anamuambia amuache. Eti yeye ni mutu mubaya."

"Na msichana?"

"Anakatala. Ako na kichwa nguvu."

Nikauliza tena, akajibu tena. Nilipoacha kuuliza, akaendelea. Wazee kadhaa wasiojua Kifaransa walisogeza viti vyao, na mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Pandisha sauti, mama, na sisi tusikie."

Akapandisha.

Halafu likaja pori. Miti mirefu, ukungu, mtu anakimbia na mwingine yuko nyuma yake. Kahambu alinishika mkono kwa nguvu. Kambale alinyoosha kidole kwenye kitufe, tayari kuzima. Nilikuwa na hakika kwamba Masika atainuka na kuondoka, na kwamba kesho hatutakuwa na la kumpelekea mkuu wa shule.

Hakuinuka. Alikaza macho.

"Ile pori ni ya uongo," akasema, "lakini" yake ikiwa ya Kifaransa. "Banakimbia vile, mais viatu hazishike potopoto? Hata nguo haipasuke. Sisi tulifika Beni batu bane na viatu ya mama tu. Tulikuwa tunavaa kwa zamu."

Watu walianza kucheka tope lilipotajwa, kisha wakaacha kwa kusikia watu wanne na jozi moja. Masika akawatazama, halafu akacheka yeye mwenyewe, na kicheko kikarudi chumbani kwa ruhusa yake.

Sikumsahihisha. Yule kijana wa filamu alikuwa akijizuia asimng'ate ampendaye, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa.

Tulirudi na viti vyetu kichwani, mvua ikivipiga. Njiani Masika akauliza, "Kesho utanisindikiza, Koko?" Koko ndiye bibi, huku. Alikuwa hajaniita hivyo kabla ya leo.

"Nitakufikisha mlangoni, kisha nitakungoja nje."

Akaweka sawa kiti chake kichwani. "Ingia na mimi. Mais usiongee."

Sijui kama atapokelewa. Barabara ya Beni imefungwa tena, na tangu Alhamisi hatujapata habari za wazazi wake. Lakini sasa hivi namsikia jikoni akimsimulia Kahambu filamu ile ile ambayo Kahambu ameitazama, na Kahambu anauliza maswali kana kwamba hakuwapo.

Viatu vya Masika, vyote viwili, viko kando ya mlango. Nimevipaka rangi mwenyewe.

Nimeazimia. Asubuhi nitaingia ofisini, nitaketi nitakapoonyeshwa, na nitanyamaza hata akikosea.

Je, nitaweza?