Mama, Mashine Ile Sikuiunguza Mimi

Mama yangu,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu wewe ndiye uliyenizaa na adabu ulinifunza mwenyewe, lakini usidhani moyo umetulia. Nina hasira na wewe, mama. Nimekuwa nayo tangu ile simu yetu. Naenda nayo kazini Al Sadd, narudi nayo chumbani Al Wukair, nalala nayo. Leo Ijumaa sina zamu na wenzangu wametoka, basi nimeamua niiandike yote.

Nianze na mazuri, maana yapo. Unakumbuka ulivyokuwa ukitupigia kutoka huku Doha, mimi na mdogo wangu Hamisi tunagombania simu ya Mjomba Bakari? Ulikuwa unafanya kazi kwa wale Wajapani, baba mhandisi wa gesi na mkewe uliyemwita Madamu. Watoto wao walikuwa na michezo ya video ya kila namna, yote ya kampuni moja ya kwao, na yule baba alikusimulia habari za kampuni hiyo huku wewe unapiga pasi. Nawe ukatuletea sisi. Ulituambia kampuni ilianza na karata, zikichorwa kwa mkono, kabla hata babu yetu hajazaliwa. Wakajaribu biashara ya teksi, wakaiacha. Wakajaribu wali wa kumwagia maji ya moto, watu hawakuutaka. "Wali gani huo," ukasema, "hata paka wa kwetu Chumbageni angeugomea!" Wakaingia kwenye vitu vya kuchezea watoto, wakatoa mkono wa plastiki unaorefuka, kisha mashine za kutumbukiza sarafu, kisha za kuunga kwenye televisheni, na kile kidude cha mfukoni ambacho watoto wa Madamu walikwenda nacho hadi chooni. Ukatuambia na ile mashine yao ya miwani, picha zote nyekundu, ambayo haikuuzika na wakaifunga mapema.

Hamisi alikuwa akisinzia katikati. Mimi sikusinzia hata siku moja. Nilizichora zile mashine nyuma ya daftari la sayansi, na kila ukipiga nilikuuliza ndani yake mna nini. "Mna akili za watu," uliniambia. "Ukikua utafungua uone mwenyewe." Niliyashika maneno hayo, mama.

Ukaja likizo nikiwa na miaka kumi na moja. Watoto wa Madamu walikuwa wamenunuliwa ile mpya ya kuchezea kwa kupunga mkono, wakakupa ya zamani: kimchemraba cha zambarau, kina mpini nyuma wa kubebea. Uliingia nacho umekining'iniza mkononi, na sebule ya Mjomba ikajaa watu. Plagi yake ilikuwa ya meno mawili bapa, haiingii kwenye soketi zetu. Ukatoa kwenye pochi kiplagi cha kubadilishia ulichokinunua Doha, ukanipa mimi. "Chomeka, mwanangu." Nikachomeka. Ikalia pu! Moshi, harufu ya plastiki, na umeme wa nyumba nzima ukakatika.

"Shoti hiyo," akasema Mjomba, na watu wakaangua kicheko. Nilikugeukia wewe. Ukasema, "Huyu mkono wake mzito. Nilimwambia asubiri." Hukuniambia nisubiri. Uliniambia nichomeke.

Siku ile ile nikawa Shoti. Shuleni Shoti, kisimani Shoti, mpaka kwenye arusi za watu. Pasi nisiguse, taa ikiungua aitwe Hamisi. Nilipomaliza kidato cha nne nikataka chuo cha ufundi, fani ya umeme, ukasema kwa simu, "Umeme tena? Wewe? Utatuua." Akapelekwa Hamisi, ambaye hakutaka, nami nikapelekwa cherehani. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba nilikubali. Mpaka leo, mtu mzima, nachomeka chaja ya simu nimegeuza uso.

Nikaja Doha na mimi. Nikapata kazi ya kaunta kwenye duka la Al Sadd linalouza na kutengeneza michezo ya video. Nyuma kuna fundi Mkenya, Wafula. Miezi mitatu iliyopita mteja akaleta kimchemraba cha zambarau, kile kile, na mpini wake. Akasema kimekufa. Nikampelekea Wafula haraka ili nisiendelee kukishika.

"Zii, hii haijakufa," akasema. "Hii ni ya Japani kwenyewe. Adapta yake inataka volti mia moja, na huku ni mia mbili arobaini. Walichomeka tu direct, adapta ikalipuka peke yake. Mashine iko fiti."

Akaleta adapta nyingine. Taa ikawaka. Ilikuwa nzima, mama, na yetu ilikuwa nzima, ile ambayo Mjomba aliipachika chini ya kabati lililovunjika mguu. Nikamuuliza Wafula, sasa Wajapani wanaoishi huku wanafanyaje? "Hao huwa na transfoma ya kushusha umeme. Boksi zito hivi, linakaa chini sakafuni. Huwezi kosa kuliona, na ukifagia utaligonga."

Wewe ulikuwa unafagia.

Nilikupigia jioni ile ile. Hukubisha, nakupa hilo. "Lilikuwepo," ukasema. "Nikilifuta vumbi kila siku. Madamu alinikataza nisichomeke kitu chao bila lile boksi." Lakini lilikuwa zito, na kilo zako zilishajaa mablanketi ya ndugu. "Halafu mwanangu, mimi nilidhani ni kwa ajili ya umeme wa Waarabu, una nguvu kwa sababu wanautoa kwenye gesi. Huu wetu wa Tanga wa kukatika katika, nikasema utadhuru nini?"

Nilicheka. Kweli nilicheka, na hilo nilikusamehe palepale, maana hata mimi ningedhani hivyo. Ndipo nikakuuliza: ulipoona moshi, ulijua?

"Nilijua."

Sasa kwa nini hukusema?

"Mbele ya watu wote wale, mwanangu? Nimetoka Arabuni?"

Nikakata simu.

Wale Wajapani, mama, walikusimulia kampuni ya kwao ilivyoshindwa teksi, ilivyoshindwa wali, ilivyoshindwa miwani. Walimsimulia mfanyakazi wa ndani anayepiga pasi, wala hawakuona haya. Nawe ukatusimulia sisi huku unacheka. Makosa ya watu wa mbali yalikutoka mdomoni kwa raha, lako moja likakushinda, ukaona afadhali ulivalishe mtoto. Hivi ulikuwa unalalaje?

Najua utaniambia umefua na kufagia miaka minane ili sisi tule. Sikatai. Nimekaa huku, nalijua joto lake, najua kulala watu sita chumba kimoja na kulilia kwenu bafuni. Kwa hayo nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini usiniletee hayo kama jibu, kwa sababu swali langu ni jingine.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, Mungu ananiona. Kisha juzi ukanitumia sauti kwenye simu. Unacheka. Zuhura, binti wa Hamisi, umemkuta na bisibisi ameifungua redio yako, ukampokonya. "Nimemwambia, we mtoto, huo mkono wako wa shangazi yako!" Nilisikiliza mara tatu, nikidhani nimekosea. Umeshakiri kwangu kwa mdomo wako, unajua vizuri ni mkono wa nani, na bado unauvalisha mwingine! Hukuona hata aibu ya kunitumia mimi?

Nakuja likizo baada ya Ramadhani. Sikuagizi uwaite majirani; wengine wamehama, wengine wametangulia. Mjomba na Hamisi nitawaambia mwenyewe. Wafula ameanza kunifundisha kuchomelea waya baada ya kazi, na hilo pia nitawaambia. Dawa zako za presha nimempa mtu anayesafiri Jumanne, zinywe, usizigawe. Kaa salama mpaka tuonane.

Ila kabla sijafika, kuna mtu mmoja nataka uongee naye. Mwite Zuhura. Mrudishie bisibisi yake na redio yake. Mweleze nani aliiunguza mashine, na utakapofika hapo useme "mimi", bila kucheka. Kwangu umechelewa, mama. Yeye ana miaka tisa.

Mwanao wa kwanza