Mikono ya Kuzika

Glasgow, Jumapili

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Najua umeipokea barua hii huku umenuna, lakini umeipokea, na kwa leo hilo linanitosha. Sukari imetulia? Na ule mguu unaovimba ukisimama sana jikoni, umeuonyesha kwa daktari au bado unaukanda kwa maji ya chumvi? Mimi mwili haujambo. Kichwa ndicho hakijakaa sawa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu tunakatizana maneno: wewe unalia, mimi nahutubia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi. Kwamba kabla ya mwezi mtukufu chama cha kuzikana cha mtaa wetu kitakaa kuamua kama kijivunje. Kwamba yule wakala wa bima kutoka Chalinze amewaeleza wanachama: kila mmoja atakatwa kidogo kidogo kwenye simu yake, na siku ya msiba gari litakuja na sanda, waoshaji, wachimbaji, hata turubai na viti. Hakuna tena wa kumgongea mwenzake mlango alfajiri. Na wewe, kama katibu, uliniomba neno moja tu, ndiyo au hapana, kwa sababu wazee wamesema hawaamui kabla msomi wao hajasema.

Nikakutumia kurasa kumi na moja.

Nilichoandika humo sikikanushi hata sasa. Tangu tuko wadogo tunaambiwa serikali imeelemewa, tuchangie. Tukachangia dawa, tukachangia madawati, tukachangia maji. Aliyepunguzwa kazini akaitwa mjasiriamali na kupigiwa makofi. Kila mzigo walioutupa wakubwa uliangukia migongo ya wanawake kama wewe, mkaubeba bila mshahara wala asante. Sasa soko limegundua kwamba hata hicho mlichojijengea wenyewe kinauzika. Huo ndio uliberali mamboleo ninaoufundisha huu mwaka wa ishirini, na kazi yake kubwa ni kumgeuza jirani kuwa mteja. Dawa yake naijua moja: watu wajipange, wadai, wasimame pamoja. Niamshe usingizini nitakuambia hayo hayo.

Ila umenisimulia ilivyokuwa ulipowasomea. Walisikiliza kwa adabu mpaka ukurasa wa nne, kisha vikombe vya kahawa vikaanza kupita. Ndipo shangazi Zena, aliyeosha maiti za wanawake wa mtaa ule tangu mimi sijaota ndevu, akasema, "Kaandika vizuri mwanangu. Sasa mwulizeni, siku anazikwa mama yake, jembe alishika nani?"

Wakacheka, umesema, na si kwa ubaya. Mimi sikucheka.

Unakumbuka siku ile. Mama alifariki asubuhi akazikwa alasiri, kama inavyopasa, na mimi nilikuwa huku, ndege ya karibu kabisa ikiwa ya kesho yake. Aliyeshuka kaburini kumpokea alikuwa Abdallah, jirani yetu fundi baiskeli, pale ambapo mwanawe wa kumzaa alitakiwa kusimama. Kwa aibu nikatuma fedha kwa chama, pamoja na ombi: jina langu lisifutwe, mchango huu usimame badala ya mikono yangu. Mkakubali kwa sababu ni mimi.

Juzi tu nimekumbuka kwamba kabla yangu kanuni ilikuwa moja. Asiyefika kwenye maziko ya wenzake bila udhuru, naye hafikiwi. Baada yangu, walioko Dar wakatuma. Walioko Chalinze, ambako mtu akipanda gari asubuhi anawahi maziko bila shida, nao wakatuma. Leo unaniambia wanaofika na majembe ni wanne, na mdogo wao ana wajukuu. Dada, wakala wa bima hakuvunja mlango. Aliukuta wazi, na nadhani niliyeufungua ni mimi.

Nadhani. Sina hakika, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Wiki tatu zilizopita tulimsindikiza Duncan, mzee ambaye ofisi yake ilipakana na yangu, mtu aliyenifundisha kubishana. Aliandika dhidi ya soko maisha yake yote. Ukumbini tulikuwa tisa, na mlangoni mtu wa kampuni ya mazishi akitazama saa, kwa kuwa familia nyingine ilikuwa nje inangoja zamu yake. Nikamwendea, nikamwomba nishike jeneza upande mmoja. Akanijibu kwa upole mwingi, "Samahani bwana. Bima yetu hairuhusu mgeni kubeba."

Nikarudi kukaa. Mimi, ambaye sijui mkutano nilioshindwa kuuvuruga, nikarudi kukaa.

Tangu siku ile nikianza hoja, inanigeukia. Nataka kuwaambia mfukuzeni huyo wakala, chama chenu ndicho vuguvugu lenyewe ambalo mimi nimelitafuta kwenye maandamano na migomo ya watu wengine. Hata hapa, wafagizi wa chuo walipogoma niliwahutubia kwa nusu saa, wakaniimbia, kisha nikaenda nyumbani kula. Wao wakabaki getini kwenye mvua. Halafu namwona shangazi Zena na magoti yake yale, ameinama kwenye joto la mchana akimmiminia maiti maji. Nikisema hapana, nani nimemtuma akainame badala yake? Kutetea umoja kwa mgongo wa mwingine nako ni unyonyaji, na kwa kosa hilo nimewatukana watu hadharani. Nikisema ndiyo, basi siku yako wewe watakuosha watu wasiojua hata jina lako, na nje gari litakuwa linawahi msiba mwingine. Mara nyingine nawaza kwamba labda kule kuzikana kwetu vizuri ndiko kunakowapa wakubwa nafasi ya kututupia mzigo mwingine, na chama kisichomdai mtu chochote kinawastarehesha wao tu. Siku mbili naamini hili, ya tatu naamini lile. Wanafunzi wameanza kunishangaa.

Kwa hiyo kura sina. Zile kurasa kumi na moja fungia vitumbua. Mkutanoni wasomee haya tu: Athumani anaomba ruhusa aliyopewa ya kutuma fedha badala ya mikono ifutwe, ianzie kwake. Na kama jina lake litafutwa pamoja nayo, hana neno. Nimeomba likizo bila malipo, mwezi wa saba mpaka wa tisa. Nikikubaliwa, mniweke kwenye zamu ya kuchimba. Miezi mitatu haiokoi chama, najua, na mgongo huu wa kukaa kitini utawachekesha. Lakini kabla ya hapo sioni ni kwa haki gani nimwambie mtu akatae au akubali.

Nisalimie shemeji, umwambie bado tuna ubishi wetu wa bao. Binti yako mwalimu huko Mkange mwambie vitabu alivyoniagiza nimevipata, nitakuja navyo mwenyewe. Shangazi Zena mfikishie shikamoo yangu, na kwamba swali lake nimelipokea.

Abdallah msalimie akiwa peke yake, si mbele ya watu. Kisha mwulize jambo ambalo miaka sita hii sijathubutu kumwuliza: alipompokea mama mikononi, alikuwa mzito?

Mdogo wako,
Athumani