Upanga wa Mfupa wa Burzo

Kwa mwanangu Oreni, ngomeni Dashari,

Huku sisi wazima. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, na maskini kachukua pua yako. Theluji imeanza kuyeyuka.

Burzo, yule maksai uliyekuwa ukimpanda utotoni, amekufa. Wanajeshi walitaka kumchinja ili wafue panga kwa mifupa yake, nikawakatalia. Mfupa wa mnyama aliyekufa kwa hofu hutoa upanga wenye kiu ya damu. Upanga wa kaka yako ulikuwa wa namna hiyo. Ulipowamaliza maadui, ulimgeukia yeye. Basi nikawa namlisha Burzo chumvi kiganjani mpaka akajifia kwa uzee, kichwa chake mapajani mwangu.

Mhunzi Temesha ameufua mfupa wa paja la Burzo ukawa upanga. Aliponiambia nimpige nao, upanga ulikataa kusogea.

"Mkaidi kama Burzo mwenyewe," akasema huku akicheka. Kisha akanirushia shoka bila kunionya. Upanga ukauvuta mkono wangu juu, ukalikinga shoka, likaanguka chini.

"Huu hauui mtu, Mama Oreni. Unakinga tu."

"Ndio nilioutaka," nikamjibu.

Aliyekuletea barua hii amekuletea na upanga wenyewe. Uvae hata ukilala. Wenzako watakucheka, waache wacheke. Shujaa nilishapewa mmoja, wakamleta amefunikwa blanketi. Safari hii namtaka mwanangu.

Mama yako akupendaye,
Sivane